Meli zimebadilika, baharia naye je?

Je, msomaji, umewahi kusimama Likoni ukingojea feri, mara ukaziona feri zimejitenga kando ili kuipisha meli kubwa inayoingia bandari ya Kilindini? Watu hunyamaza. Watoto hunyosha vidole. Meli hupita polepole, ndefu kuliko uwanja wa kandanda, makontena yamepangwa juu yake kama matofali ya mwashi, na kwa dakika kadhaa ng'ambo ya pili haionekani kabisa.

Sasa jiulize: ulimwona nani juu ya meli hiyo? Pengine ulimwona mtu mmoja mwenye ovaroli na kofia ngumu, amesimama omoni karibu na nanga. Pengine hukumwona mtu yeyote. Usishangae. Meli kubwa namna hiyo huendeshwa na watu 20 hadi 25 hivi. Mnamo Machi 2021, meli ya Ever Given yenye urefu wa mita 400 ilipokwama katika Mfereji wa Suez na kuziba njia hiyo kwa siku sita, mabaharia wake walikuwa 25. Hao hawajazi hata matatu moja ya abiria 33.

Na watu hao wachache ndio wanaokulisha na kukuvisha. Zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa zinazouzwa baina ya mataifa, ukizipima kwa wingi wake, husafirishwa kwa meli. Ngano ya mkate wako wa asubuhi, mafuta ya basi la shule, simu iliyo mfukoni mwako na mtumba uliouvaa, vyote huenda vilipita mikononi mwa baharia usiyemjua jina.

Leo tuzungumze kumhusu. Kazi yake imebadilika mara nyingi, na kila badiliko limekuja na mikono miwili. Mkono mmoja umempunguzia jasho na hatari. Mkono wa pili umempunguzia wenzake, na ukamnyang'anya muda wa kukanyaga nchi kavu. Kama una kijana anayetamani kazi hii, au wewe mwenyewe ni mwanafunzi unayeifikiria, ni vyema uione mikono yote miwili kabla hujatia sahihi popote.

KUTOKA KUSI HADI MAKAA

Wakazi wa mwambao wanajua kwamba majahazi ya Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi yalikuja huku kwa upepo wa kaskazi na kurejea kwao kwa kusi. Nahodha hakuwa na amri juu ya pepo hizo. Mabaharia walikaa Lamu, Mombasa au Unguja kwa wiki na hata miezi, wakiuza tende na kununua boriti, huku wakingoja msimu ugeuke. Wengine walioa huku, wakapata watoto, wakawa na nyumba mbili. Kazi ilikuwa ngumu na bahari ilikuwa katili, lakini muda wa baharia ulipimwa na upepo, na upepo haukuwa na haraka.

Kisha mvuke ukaja. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka wa 1869, na meli za mvuke zikaanza kupita njia hiyo fupi bila kungoja msimu wowote. Lakini mvuke ulitaka moto, na moto ulitaka makaa. Chini kabisa ya meli, katika joto la kutisha, wanaume walichota makaa kwa sepeto na kuyatia tanuuni mchana na usiku. Wengi wao walitoka pwani za Bahari ya Hindi, wakiwemo watu wa Unguja na wa mwambao wetu walioajiriwa katika meli za Waingereza. Msimamizi wa mabaharia aliitwa serahangi, na neno hilo lingali katika Kiswahili hadi leo.

Kazi hiyo ya makaa nayo haikudumu. Februari 1912 meli ya Denmark iitwayo Selandia iliondoka Copenhagen kuelekea Bangkok, ikiendeshwa na injini za dizeli. Haikuhitaji mtu wa kuchochea moto. Katika miaka iliyofuata meli nyingi ziliiga mfano huo, na kina serahangi wa makaa wakarudi makwao au wakajifunza kazi nyingine.

Tangu miaka ya 1960, mambo yalisonga mbele zaidi. Meli zilianza kujengwa zikiwa na mitambo inayojichunga yenyewe. Usiku, chumba cha injini hubaki bila mtu. Injinia wa zamu hulala chumbani mwake, na joto likizidi au mafuta yakipungua, kengele hulia kando ya kitanda chake. Ndiyo, amepumzishwa kusimama katika kelele usiku kucha. Lakini muulize injinia yeyote aliyeamshwa na kengele mara tatu katika usiku mmoja, kisha akatakiwa kazini saa mbili asubuhi, akueleze jinsi alivyopumzika.

SANDUKU LILILOIKIMBIZA MELI

Badiliko lililogeuza maisha ya baharia kuliko yote ni kitu unachokiona kila siku. Ukiwa Nairobi, tazama kibanda cha kuuzia vifaa vya ujenzi au saluni ya kinyozi iliyotengenezwa kwa kontena kuukuu. Sanduku hilo la chuma lina historia.

Tarehe 26 Aprili 1956, Mmarekani aliyekuwa na biashara ya malori, Malcom McLean, alipakia masanduku 58 ya chuma katika meli yake ya Ideal X kule Newark na kuyapeleka hadi Houston. Hesabu zake zilionyesha kwamba kupakia tani moja ya shehena kwa mikono katika meli ya kawaida kuligharimu dola 5.86. Kwa masanduku yake, tani hiyo hiyo iligharimu senti 16 hivi. Msomaji, ukiona tofauti kama hiyo, jua kwamba dunia haitarudi ilikotoka.

Kabla ya kontena, makuli wa Kilindini waliingia katika matumbo ya meli na kubeba shehena kipande kwa kipande: magunia ya kahawa, masanduku ya chai, marobota ya katani. Meli ilikaa gatini siku nyingi, wakati mwingine wiki mbili na zaidi. Mabaharia walikuwa na nafasi ya kutembea mjini, kucheza kandanda na timu za wenyeji, kuandika barua na kungoja majibu. Mtu aliyefanya kazi ya meli miaka ishirini aliweza kukueleza Bombay, Durban na Liverpool mtaa kwa mtaa.

Leo, katika bandari nyingi kubwa za Asia na Ulaya, meli ya makontena hukaa siku moja au hata pungufu. Kreni hunyanyua sanduku moja baada ya jingine bila kupumzika, usiku na mchana. Na saa hizo chache si za matembezi. Wakaguzi wanapanda, mafuta yanaingizwa, chakula kinapokewa, kamba zinachungwa maji yanapopanda na kushuka. Aidha, tangu Julai 2004, sheria za kimataifa za usalama wa bandari zilizotungwa baada ya mashambulizi ya Marekani ya 2001 zimeweka nyua, vibali na ukaguzi langoni. Katika baadhi ya bandari baharia anaweza kuona taa za mji kwa macho na asipate ruhusa ya kuzifikia. Mtu wa namna hiyo anaweza kuzunguka dunia nzima na arudi kwao bila hadithi ya mji hata mmoja.

AFISA WA REDIO AAGA

Kila baharia mwenye umri mkubwa atakukumbushia mtu mmoja ambaye sasa hayuko tena: afisa wa redio.

Umuhimu wake ulidhihirika usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, meli ya Titanic ilipogonga mlima wa barafu. Waendeshaji wake wa simu ya upepo walituma wito wa msaada, na meli ya Carpathia ikausikia na kuja mbio. Zaidi ya watu 700 waliokolewa. Lakini kulikuwa na meli nyingine iliyokuwa karibu zaidi, Californian. Mtu wake wa redio alikuwa mmoja tu, na alikuwa ameshazima mtambo na kwenda kulala. Watu wapatao 1,500 walifariki. Baada ya msiba huo, mataifa yalikutana na kuandika mkataba wa usalama wa maisha baharini mwaka wa 1914, na mojawapo ya mambo yaliyosisitizwa ni kwamba meli kubwa zisikilize redio mchana na usiku.

Kwa miongo mingi basi, afisa wa redio alikuwa sikio la meli. Ndiye aliyejua mlio wa Morse kama wewe unavyoijua sauti ya mama yako. Ndiye aliyepokea telegramu za kuzaliwa na za kufiwa, na kuzipeleka kwa mwenyewe kwa mkono. Kisha setilaiti zikaja. Kuanzia tarehe 1 Februari 1999, mfumo mpya wa dunia wa kuomba msaada ulianza kutumika kikamilifu. Sasa afisa yeyote wa zamu hubonyeza kitufe chekundu, na mahali ilipo meli hujulikana mara moja hata kama ni katikati ya bahari kuu.

Je, hilo ni jambo baya? La hasha! Ni watu wengi waliookolewa kwa njia hiyo. Lakini afisa wa redio alishuka ngazi na hakuna aliyepanda badala yake. Kazi zake ziligawiwa maafisa wa sitaha waliokuwa tayari na kazi zao. Ramani za karatasi nazo ziliwapisha viooni vya kompyuta, kwa sheria iliyoanza kutekelezwa hatua kwa hatua kati ya 2012 na 2018. Meli ikazidi kuwa na macho na masikio, huku watu wake wakizidi kupungua.

SIMU ILIYOLETA NYUMBANI MELINI

Zamani, mke wa baharia alingoja barua kwa wakala wa meli. Baadaye mabaharia walipanga foleni kwenye kituo chao mjini ili kupiga simu ya dakika tatu. Siku hizi meli nyingi zina intaneti ya setilaiti, na baba anaweza kumwona mtoto wake akipiga hatua ya kwanza huku meli ikikata mawimbi kusini mwa Bukini. Kuanzia tarehe 23 Desemba 2024, kanuni za kimataifa zinamtaka mwenye meli awape mabaharia intaneti kadiri inavyowezekana, na akitoza malipo, yawe ya kadiri.

Ni baraka kubwa. Hata hivyo, nayo ina mkono wake wa pili. Mabaharia wa umri mkubwa watakueleza kuwa zamani, baada ya chakula cha jioni, watu walibaki ukumbini wakicheza karata, wakisimuliana na kutaniana. Leo wengi huchukua sahani zao, wakala upesi, kisha kila mmoja akajifungia chumbani na simu yake. Nahodha mwangalifu hulazimika kupanga mashindano ya tenisi ya mezani au nyama choma ya Jumapili sitahani, ili watu wake wapate kujuana. Mwenzako usiyemjua hutatambua siku atakapokuwa na huzuni, na huzuni baharini ni hatari kama moto.

Halafu kuna habari mbaya. Zamani baharia aliweza kufiwa na mzazi na asijue mpaka afike bandari ya mbele. Leo hujua saa ile ile, akiwa amebakiwa na siku kumi na mbili kuifikia nchi kavu. Huangalia mazishi ya babake katika kioo cha simu, akisikia wimbo wa kina mama na udongo ukiangukia jeneza, kisha kengele inalia na zamu yake imefika. Nawe uliye nyumbani, fikiri kabla ya kumpigia simu mtu aliye baharini kumweleza kwamba mtoto amefukuzwa shule au paa linavuja. Ataweza kufanya nini usiku huo, zaidi ya kukosa usingizi?

HATARI ZILIZOBADILI SURA

Dhoruba na moto ni hatari za tangu jadi. Lakini zipo nyingine zilizowafunza mabaharia mazoea mapya, na mojawapo ilikuwa karibu sana nasi.

Tarehe 8 Aprili 2009, maharamia wa Kisomali waliipanda meli ya Maersk Alabama iliyokuwa ikielekea Mombasa na chakula cha msaada. Wengi kati ya mabaharia wake 20 walijificha chumba cha mitambo, wakaizima meli, na maharamia wakashindwa kuiendesha. Nahodha Richard Phillips alichukuliwa mateka katika mashua ya kuokolea, akaokolewa na wanamaji wa Marekani siku nne baadaye. Tangu wakati huo mbinu ya kujificha ikawa sehemu ya mazoezi ya kawaida. Meli zilizungushiwa seng'enge, mipira ya maji ikafungwa kandokando, na chumba kimoja imara kikatengwa chenye chakula, maji na redio. Kijana aliyekwenda kujifunza kupaka rangi na kufunga kamba akajikuta anafundishwa namna ya kujifungia ndani ya chuma.

Kisha ukaja mwaka wa 2020 na maradhi ya korona. Mataifa yalifunga mipaka na viwanja vya ndege, lakini hayakuacha kula wala kutumia mafuta. Meli ziliendelea kwenda, ila mabaharia hawakuruhusiwa kushuka. Kufikia mwisho wa mwaka huo, watu wapatao 400,000 walikuwa wamekwama melini ingawa mikataba yao ilikwisha, na baadhi yao walikuwa wamekaa zaidi ya miezi 17. Watu wengine 400,000 hivi waliopaswa kuwapokea walikuwa makwao bila mshahara. Sisi tulilalamika kukaa nyumbani. Wao walilia kwa kutoifikia.

Na tangu Novemba 2023, mashambulizi ya Wahouthi katika Bahari ya Shamu yaliyafanya makampuni mengi kuzungusha meli zao kupitia Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Safari ya kutoka Asia hadi kaskazini mwa Ulaya iliongezeka maili 3,500 hivi za baharini na siku kumi au zaidi. Machi 2024 mabaharia watatu wa meli ya True Confidence waliuawa na kombora. Watu hao hawakuwa na ugomvi na yeyote. Walikuwa kazini.

USINGIZI NI SEHEMU YA SHERIA

Utaona, msomaji, kwamba katika mabadiliko haya yote watu wamepungua lakini saa za siku ni zile zile 24. Katika meli nyingi, afisa wa tatu hushika zamu ya saa mbili hadi saa sita, afisa wa pili saa sita hadi saa kumi, na afisa mkuu saa kumi hadi saa mbili. Kisha mzunguko huanza upya, mchana na usiku, Jumapili na Krismasi na Idi. Juu ya zamu hizo kuna kazi za shehena, fomu na ukaguzi.

Matokeo ya uchovu yalionekana tarehe 3 Aprili 2010. Meli ya Kichina ya Shen Neng 1, iliyobeba makaa ya mawe, ilipanda mwamba wa matumbawe nje ya pwani ya Australia. Wachunguzi waligundua kwamba afisa mkuu aliyekuwa zamuni alikuwa amelala saa mbili na nusu tu katika muda wa saa 38 zilizotangulia. Hakuwa mlevi wala mjinga. Alikuwa amechoka.

Sheria za kimataifa zinasema baharia apate angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku saba. Sheria hizo zimo katika mikataba miwili ambayo kila familia ya baharia inapaswa kuijua japo kwa jina: ule wa mafunzo na zamu wa mwaka wa 1978, uliorekebishwa mjini Manila mwaka wa 2010, na Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 ulioanza kutumika Agosti 2013. Kenya iliuidhinisha huu wa pili mwaka wa 2014.

Lakini karatasi haimlazi mtu. Katika meli yenye watu wachache mno, ni rahisi saa za mapumziko kuandikwa vizuri kitabuni ilhali mwenyewe amekesha. Hapo ndipo ujuzi na ujasiri wa baharia unapohitajika, na hapo ndipo wakaguzi wa bandari na vyama vya wafanyakazi wanapokuwa na kazi.

MAMBO YA KESHO

Wazazi wengine huuliza: kuna haja gani ya kumsomesha mtoto kazi ambayo kompyuta itaichukua? Ni kweli kwamba Norway ina meli ndogo ya umeme, Yara Birkeland, iliyobuniwa ili hatimaye ijiendeshe bila mtu. Ilianza kubeba makontena mwaka wa 2022, lakini ilianza ikiwa na mabaharia ndani. Hiyo ni safari fupi ya ufuoni. Injini ikikwama katikati ya Bahari ya Hindi, bado anatakiwa mtu mwenye spana.

Linaloonekana wazi zaidi ni badiliko la mafuta. Tangu Januari 2020, salfa katika mafuta ya meli imepunguzwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, isipokuwa kwa meli zenye mtambo wa kusafisha moshi. Mwaka wa 2023 mataifa yalikubaliana kulenga kukomesha hewa chafu ya meli ifikapo 2050 au karibu na hapo, na Septemba mwaka huo Laura Maersk, meli ya makontena inayoweza kutumia methanoli, ilipewa jina lake mjini Copenhagen, mji ule ule ilikotoka Selandia mwaka wa 1912. Wengine wanajaribu amonia, ambayo ni sumu kali. Injinia wa kesho itabidi ajifunze upya, kama mchochea makaa alivyojifunza dizeli.

Na injinia huyo anaweza kuwa binti yako. Ripoti ya mashirika ya wenye meli ya mwaka wa 2021 ilihesabu mabaharia milioni 1.89 duniani, na wanawake walikuwa 24,059 tu, yaani asilimia 1.28. Ni wachache sana, lakini mlango umefunguka.

KABLA HAJATIA SAHIHI

Humu nchini, Chuo cha Bandari Maritime Academy mjini Mombasa ni miongoni mwa vyuo vinavyotoa mafunzo, na vyeti husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Majini, KMA. Mwaka wa 2010 Kenya iliingizwa katika orodha ya mataifa ambayo vyeti vyake vya ubaharia vinatambuliwa kimataifa. Lakini palipo na hamu ya kazi, matapeli nao hawako mbali. Kwa hivyo shika haya.

Kwanza, ajenti haruhusiwi kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama anazoweza kujilipia baharia ni za cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Anayekuomba maelfu ili "kufungua faili" akwepwe. Uliza KMA kama ajenti huyo ana leseni.

Pili, usimruhusu mwanao apande meli bila mkataba wa maandishi alioupata na kuusoma kabla. Uonyeshe mshahara, likizo, muda wa kazi, na nani atalipa nauli ya kumrudisha. Muda wa kukaa melini mfululizo haufai kufika miezi 12.

Tatu, mjue mwenye meli na bendera yake. Meli inaweza kuwa ya Mgiriki, ipeperushe bendera ya Panama au Liberia, na iendeshwe na Wafilipino na Wahindi. Sheria zinazoihusu kwanza ni za bendera ile. Nakili jina la meli na nambari yake ya IMO, uiweke nyumbani mahali salama.

Nne, mshahara usipolipwa kwa miezi miwili, baharia huhesabiwa kuwa ametelekezwa. Tangu Januari 2017 meli zinazofuata mkataba huo hutakiwa kuwa na bima ya kulipa hadi miezi minne ya mshahara na nauli ya kurudi. Nambari za bima hiyo hubandikwa ukutani melini. Mwambie mwanao azinakili siku ya kwanza.

Tano, zungumzeni. Mpangie jinsi habari za nyumbani zitakavyomfikia, njema na mbaya, na nani atakayempa.

Wahenga walisema, kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Baharia anaweza kufika Shanghai na Rotterdam, lakini mwisho wake ni kurudi kwake. Upepo wa kusi uliomrudisha babu yake haumrudishi yeye. Kinachomrudisha sasa ni mkataba, cheti, saa za usingizi zilizoheshimiwa na watu wa nyumbani wanaojua haki zake.

Basi siku nyingine utakapokwama Likoni kwa ajili ya meli, usinung'unike. Tazama juu, palipo na madirisha ya chumba cha usukani. Hapo amesimama mtu aliyetoka mbali, na huenda hatakanyaga mji wako kabla ya kuondoka tena. Mpungie mkono. Huenda akaupunga wake.